Kidato cha Tano na cha Sita: Maneno kwa Wazazi wa Kiomboi

Kila mwaka, wakati alizeti inapoanza kupelekwa kwenye mashine za kukamulia mafuta, habari moja hupita hapa Kiomboi upesi kuliko bei ya gunia: majina ya waliochaguliwa kuingia kidato cha tano yametoka. Vijana huizunguka simu moja wakitafuta majina yao, na jioni ile ile utasikia vigelegele katika nyumba hii na kimya katika nyumba ya jirani. Sisi tulio walimu wa kanisa huitwa katika nyumba zote mbili, huku kushukuru, kule kufariji. Nami nimeona neno moja katika zote mbili. Wazazi wajua vema kwamba mtoto amechaguliwa, au hakuchaguliwa. Lakini amechaguliwa kwenda kusoma nini, na masomo hayo yaweza kumfikisha wapi, hilo ni wachache walijualo.

Baba atakuambia jina la shule, na mkoa wake, na nauli ya basi. Ukimwuliza zile herufi tatu zilizoandikwa karibu na jina la mwanawe zina maana gani, atamwita mtoto aje ajibu. Na herufi hizo tatu zina nguvu kuliko jina la shule. Kwa hiyo nimependa kuandika habari hii kwa urefu kidogo, ili isomwe nyumbani, baba na mama na mtoto wakiwa pamoja, kabla ya siku ya vigelegele.

Tuanze na mambo yenyewe yalivyo. Mtoto wa kidato cha nne hufanya mtihani wa taifa mwezi wa Novemba, na Baraza la Mitihani hutoa matokeo mwezi wa Januari. Ili afikiriwe kwa kidato cha tano hana budi kupata angalau alama ya C katika masomo matatu, tena yawe masomo yanayopatana na yale atakayokwenda kusoma. Kazi ya kuchagua ni ya Ofisi ya Rais, TAMISEMI, nayo huwagawa vijana nchi nzima. Ndiyo sababu mtoto wa Kiomboi huweza kupelekwa Ruvuma au Kagera, na Shule ya Sekondari Lulumba, iliyo hapa hapa Kiomboi, hupokea vijana ambao hawajapata kuona bonde la Wembere wala kusikia neno moja la Kinyiramba. Masomo huanza mwezi wa Julai, na muda wake ni miaka miwili.

Ada katika shule za serikali haipo tena. Ile ya kidato cha kwanza hadi cha nne iliondolewa tangu mwaka 2016, na ya kidato cha tano na cha sita iliondolewa katika bajeti ya mwaka 2022/2023. Waziri wa Fedha aliyeisoma bajeti ile bungeni, mwezi wa Juni 2022, alikuwa Mwigulu Nchemba, mbunge wa Iramba Magharibi. Basi watu wa hapa waliipokea habari ile kama barua iliyoandikwa kwao. Lakini mzazi asidanganyike kwamba gharama zimekwisha. Nauli, godoro, ndoo, sare, tranka, rimu ya karatasi, jembe na fagio, na fedha kidogo ya mkononi, hayo yote bado hutoka nyumbani. Afadhali yahesabiwe mapema, alizeti ingali shambani, kuliko kukopa kwa jirani usiku wa kuamkia safari.

Sasa habari ya zile herufi. Hata kidato cha nne mtoto husoma masomo mengi, saba au zaidi, akionja kidogo katika kila moja. Afikapo kidato cha tano huyaacha mengi na kushika matatu, naye huyachimba mpaka chini. Fungu hilo la masomo matatu huitwa tahasusi, na wanafunzi wenyewe huliita kombi. Herufi zake hufuata majina ya masomo kwa Kiingereza, kwa kuwa hicho ndicho kinachofundishiwa katika sekondari: P ni fizikia, C ni kemia, B ni baiolojia, M ni hisabati, H ni historia, G ni jiografia, K ni Kiswahili, L ni Kiingereza, E ni uchumi. Kwa hiyo mtoto wa PCB husoma fizikia, kemia na baiolojia. Wa HGL husoma historia, jiografia na Kiingereza. Wa EGM uchumi, jiografia na hisabati.

Na kila fungu lina milango yake. Mtu hawezi kupokelewa kusomea udaktari wa binadamu ila awe amefaulu fizikia, kemia na baiolojia. Kijana wa HGL, hata akiwa wa kwanza nchi nzima, mlango huo haumwoni. Uhandisi wadai hisabati na fizikia. Sheria, ualimu wa lugha na historia, utawala na uandishi wa habari huwapokea kwa wingi wa HGL na HKL. Mambo ya fedha na takwimu huwapenda wa EGM. Kilimo hukaribisha wa CBG. Simaanishi kwamba fungu moja ni la heshima na jingine la aibu. Tumezoea hapa kumsifu mtoto wa sayansi na kumhurumia wa historia, kana kwamba nchi yaweza kuendeshwa na madaktari peke yao pasipo hakimu wala mwalimu. Nasema tu kwamba milango ni mbalimbali, na mzazi anayemwita mwanawe “daktari wetu” huku mtoto yuko HGL amejenga nyumba juu ya kiwanja cha mtu mwingine.

Mwaka 2024 mambo haya yaliongezeka. Zamani tahasusi zilikuwa 16. Serikali ikatangaza 49 mpya, jumla zikawa 65, zikipangwa katika makundi saba: sayansi ya jamii, lugha, biashara, sayansi, michezo, sanaa na elimu ya dini. Nyumba nyingi za Kikristo zililifurahia kundi la mwisho, nami nililifurahia. Hata hivyo nawasihi wazazi wasimsukume mtoto huko kwa ajili ya uchaji wao wenyewe, pasipo kuuliza ni shule zipi zinazoyafundisha masomo hayo, na vyuo vipi huyapokea. Kwa maana kutangazwa kwa tahasusi ni neno moja, na kuwapo kwa mwalimu wake darasani ni neno la pili.

Wako wasemao, “Mwalimu, mambo yamekuwa magumu, zamani mtu alisoma tu, akapata kazi.” Hao wamesahau jinsi mlango ulivyokuwa mwembamba zamani hizo. Wamisionari wa Kilutheri wa Augustana, kutoka Marekani, walishika kazi ya Iramba katika miaka ya 1920, na shule zilizoenea vijijini zilikuwa za kusoma, kuandika na kuhesabu, zikifundishwa na watu kama mimi, chini ya mti au katika kibanda cha nyasi. Baadaye kazi ya ualimu ikapata chuo chake Kinampanda, nacho chuo cha ualimu kingali kipo hata leo. Lakini aliyetaka kupanda zaidi alikuwa hana budi kuiacha Iramba, na mwisho kuiacha Tanganyika yenyewe. Makerere, iliyoanzishwa Kampala mwaka 1922 kama shule ya ufundi, ndiyo iliyokuwa shule ya juu ya nchi zote hizi. Julius Nyerere aliingia shule ya Tabora mwaka 1937, akaenda Makerere mwaka 1943, na mwaka 1949 akasafiri mpaka Edinburgh kutafuta shahada, kwa kuwa hapa nchini haikupatikana. Njia yake twaijua kwa sababu alifika. Wangapi walirudi nusu ya njia, kwa kukosa nauli au nafasi, hakuna aliyewaandika.

Nyerere mwenyewe alitoa hesabu katika maandiko yake ya Elimu ya Kujitegemea, mwezi wa Machi 1967. Mwaka 1961, tulipopata uhuru, watoto waliokuwa katika shule za msingi za Tanganyika walikuwa 490,000. Waliokuwa sekondari walikuwa 11,832. Na waliokuwa kidato cha sita, nchi nzima, kutoka Mtwara mpaka Bukoba, walikuwa 176. Naomba msomaji asimame hapo kidogo. Watu 176 waweza kuketi katika kanisa moja la kijijini na nafasi ikabaki. Kutoka katika hao ndimo walimotazamiwa madaktari, mahakimu, wahandisi na wakuu wa idara wa nchi mpya. Mwaka uo huo chuo kikuu kilianza Dar es Salaam kwa somo la sheria tu. Kufika mwaka 1967 wa kidato cha sita walikuwa 830. Ni ongezeko kubwa, lakini bado mtu wa kidato cha sita alikuwa kama kanga mweupe. Zamani hizo mtu alipata kazi, naam, kwa sababu wenziwe walikuwa 175.

Siku hizi shule yenye kidato cha tano iko hapa Kiomboi, mwendo wa miguu kutoka sokoni, na iko nyingine ya zamani Singida mjini, yaani Mwenge. Ni neema kubwa. Lakini katika wingi huo cheti cha kidato cha sita kimepoteza nguvu moja kiliyokuwa nayo. Kidato cha sita hakimfundishi mtu kazi. Humpa akili ya kusoma kwa kina, humpa ufunguo wa chuo kikuu. Basi asipoufikia mlango wa chuo kikuu, amebaki na ufunguo mkononi na hakuna kufuli. Neno hili wazazi hawapendi kulisikia, hasa baada ya vigelegele, lakini lisiposemwa mapema huja kusemwa kwa machozi.

Nitatoa mfano wa nyumba moja niijuayo, majina nayaacha. Binti yao alimaliza kidato cha nne na kupata C katika historia, jiografia na Kiingereza, na D katika kemia, baiolojia na fizikia. Tangu utoto wake alisema atakuwa mwuguzi. Shangazi yake alikuwa mwuguzi, na mtoto alikua akilitazama lile vazi jeupe likianikwa uani. Majina yalipotoka, alikuwa amechaguliwa HGL, shule ya bweni ya wasichana, mkoa wa mbali. Siku zile zile chuo kimoja cha uuguzi kilimkubalia, maana kwa uuguzi wa ngazi za chini D katika masomo yale ya sayansi humtosha mtu kuombea nafasi. Lakini kidato cha tano hakina ada, na chuo kina ada ya kila mwaka.

Baba alikuwa amekwisha kuamua. “Mwalimu,” aliniambia, “katika ukoo wetu hajatokea mtu wa kidato cha sita. Mungu ametufungulia mlango, tena bure. Nitaufungaje kwa mkono wangu?”

Mama alinyamaza. Mjomba wa binti, aliyekuja kutoka Shelui kwa shauri hilo, aliuliza swali moja tu: “Mwanangu, ukimaliza HGL utakuwa mwuguzi?”

Binti akajibu, “Hapana, mjomba. Nitaweza kuwa mwalimu, au mwanasheria nikifaulu sana. Uuguzi nitaanza tena chini, kwa cheti hiki hiki cha kidato cha nne nilicho nacho sasa.”

Baba hakuwa amelijua jambo hilo. Alikuwa akiamini kwamba kidato cha sita ni ngazi iliyo juu ya kila ngazi nyingine, na mtu akishaipanda aweza kushukia popote apendapo. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza ada ya chuo ni kiasi gani, na alipoambiwa akatoka nje, akaenda kusimama zizini. Tulimwacha huko. Aliporudi alisema, “Basi, wale maksai wawili.” Mama ndipo alipozungumza, akasema maksai ndio walima shamba, wakiuzwa wote wawili mwaka ujao hakuna alizeti wala ada ya mwaka wa pili. Shauri likaendelea mpaka usiku. Mwisho mjomba alichukua nusu ya ada ya mwaka wa kwanza, maksai mmoja akauzwa, na mmoja akaunganishwa na wa jirani kwa kulima zamu kwa zamu. Binti akaenda kusoma uuguzi.

Wako majirani waliosema wazee wale wameitupa bahati. Mimi sisemi hivyo, wala sisemi kwamba kila binti afanye kama huyu. Angalikuwa na hamu ya ualimu au sheria, ningaliwashauri waende mbio na HGL yao pasipo kutazama nyuma. Nilichokipenda katika nyumba ile ni kwamba waliketi, wakauliza, na mtoto akasikilizwa. Mwingine atasema kwamba amejifungia chuo kikuu. Si kweli. Mwenye stashahada iliyopatikana kwa alama nzuri huweza kuombea shahada katika kazi yake, nayo ni njia ndefu kidogo, lakini ni njia inayopita katika mshahara. Vyuo hivyo vya kati husimamiwa na NACTVET, na mzazi asilipe fedha ya ada kwa chuo chochote kabla ya kuhakikisha kwamba kimeandikishwa huko. Matangazo yabandikwayo kwenye nguzo za stendi si ushahidi.

Na tena lisisahauliwe neno hili: machaguo hayo hayawi kwa bahati. Mtoto angali kidato cha nne hujaza shuleni fomu iitwayo selform, akionyesha tahasusi na vyuo avipendavyo. Kwa miaka kadhaa sasa, matokeo yakiisha kutoka, serikali hufungua nafasi ya kubadilisha machaguo hayo kwa mtandao kwa muda uliowekwa. Huo ndio wakati wa baraza la nyumbani. Nyumba nyingi hulala wakati huo, huamka mwezi wa Juni, na kuanza kumtafuta mtu wa kumsihi mkuu wa shule.

Sasa nageukia walimu wenzangu, wa shule za msingi na za sekondari, maana nao husoma gazeti hili. Mwanafunzi aingiapo kidato cha tano hupata mshtuko ambao sisi huweza kuupunguza. Miaka minne amezoea mwalimu aandike ubaoni naye anakili. Sasa mwalimu hutoa kichwa cha somo na majina ya vitabu, na kijana atafute mwenyewe. Aliyekuwa wa kwanza kijijini hujikuta amekaa kati ya arobaini ambao kila mmoja alikuwa wa kwanza kijijini kwake. Mitihani ya kwanza huwavunja moyo wengi, barua, au siku hizi sauti katika simu, huja nyumbani ikisema, “Baba, nataka kurudi.” Mzazi asiogope sana barua hiyo. Mara nyingi ni ya Oktoba, na kufikia Machi imekwisha kusahauliwa.

Dawa yake huanza mapema. Mtoto wa darasa la sita aliyezoezwa kusoma kitabu kizima peke yake, akakieleza kwa maneno yake mwenyewe, tayari ameanza kujifunza kazi ya kidato cha tano. Tena Kiingereza. Watoto wetu husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha sekondari hugeuziwa lugha ghafula, na wako wanaofika kidato cha tano wakijua kanuni za kemia kwa moyo lakini hawawezi kuandika ukurasa mmoja kueleza walichokiona katika maabara. Sitaki kuingia katika ubishi wa lugha ipi ifundishiwe, wakubwa wanaushughulikia. Maadamu mtihani ungali kwa Kiingereza, tumsaidie mtoto aliye mbele yetu.

Maisha ya bweni yana mafunzo yake pia, nayo ni mema kuliko wazazi wadhaniavyo. Kuamka kwa kengele, kufagia eneo, kufua, kupanga foleni ya ugali na maharage, kukaa prepo mpaka usiku, kugawana dawa ya meno na mtu wa kabila lingine na dini nyingine: hayo humkomaza kijana. Wanafunzi Wakristo hukutana katika umoja wao wa UKWATA, na mtoto aliyefundishwa kusali nyumbani huko ndiko atakakojua kama sala ile ilikuwa yake au ya mama yake. Nasi wa Kiomboi tunao wajibu wetu. Wale wageni wa Lulumba tunaowaona kanisani Jumapili, wamekaa pamoja kwenye mabenchi ya nyuma, ni watoto wa watu walio mbali. Kuwasalimu kwa majina na kuwakaribisha chai siku ya sikukuu si jambo kubwa kwa mwenye nyumba. Kwa mtoto wa miaka kumi na minane aliye mbali na kwao laweza kuwa kubwa.

Mtihani wa kidato cha sita hufanywa mwezi wa Mei. Baada yake wengi huitwa Jeshi la Kujenga Taifa. Jeshi hilo lilianzishwa mwaka 1963. Mafunzo ya lazima kwa wasomi yalisimamishwa mwaka 1994 na kurudishwa mwaka 2013. Wazazi wengine huona ni kupoteza wakati. Wakumbuke kwamba waliotangulia walidaiwa zaidi: kwa Azimio la Musoma la mwaka 1974, mtu wa kidato cha sita hakuingia chuo kikuu moja kwa moja, ila kwanza afanye kazi miaka miwili na kupata sifa njema kazini. Sharti lile lililegezwa baadaye, nami nadhani lilikuwa na akili ndani yake. Kijana aliyepata kufanya kazi kwa mikono yake huchagua masomo kwa macho yaliyofumbuka.

Matokeo hutoka mwezi wa Julai. Ili aombe shahada, kijana anahitaji kufaulu vizuri masomo mawili yanayohusiana na kozi aitakayo, na jumla ya pointi zisipungue nne, kwa hesabu hii: A ni pointi tano, B nne, C tatu, D mbili, E moja. Hicho ni kiwango cha chini tu. Kozi zenye watu wengi hudai zaidi. Asiyefikia hapo asifungiwe ndani kama mgonjwa. Vyuo vya kati humpokea, VETA iko Singida, na kwa kuwa anajua kusoma kwa bidii atajifunza ufundi upesi kuliko wengine, akikubali kuvaa ovaroli. Hapo ndipo penye shida. Nimewaona wenye kidato cha sita wakikaa barazani miaka mitatu kwa sababu jina la “msomi” limewazuia kushika spana. Jina hilo mara nyingi wamepewa na wazazi wao.

Aliyefikia kiwango, na nyumbani hakuna kitu, aombe mkopo. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ikaanza kazi mwaka 2005. Mkopo ni mkopo: mwenye kuajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake mpaka deni liishe, na mzazi asimwambie mtoto kwamba ni zawadi ya serikali. Nao hautolewi kwa machozi, hutolewa kwa vyeti. Kijana anatakiwa kuonyesha cheti cha kuzaliwa, na aliyefiwa na mzazi cheti cha kifo cha mzazi huyo, navyo vihakikiwe na RITA. Kila mwaka wako wanaochelewa, si kwa kukosa alama, bali kwa kuwa jina lililo katika cheti cha shule si lile la cheti cha kuzaliwa: huku ameandikwa jina la ubatizo na la babu, kule jina la nyumbani na la baba.

Jambo hili laweza kutengenezwa sasa, mtoto akiwa darasa la nne au kidato cha pili, kabla hajaandikishwa kwa mitihani ya taifa. Mzazi atwae kadi ya kliniki na cheti cha ubatizo, ayalinganishe majina herufi kwa herufi, kisha aende ofisi ya mkuu wa wilaya, inaposhughulikiwa kazi ya vizazi na vifo. Kwa watu wa Iramba ofisi hiyo iko hapa hapa Kiomboi. Wanaotoka vijiji vya mbali waje mapema asubuhi, na wasisahau kuchukua nakala za vyeti vyao wenyewe.